Je, niombe kuingia jeshini ilhali ninachotaka ni uanamaji tu?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaeleze wasomaji jambo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa naamini wapo miongoni mwao waliovaa gwanda, waliolea watoto waliovaa gwanda, na waliowahi kusimama hapa niliposimama mimi wakashika njia moja na kuiacha nyingine. Mimi ni kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Bagamoyo. Baba yangu ni fundi wa mashine za boti pale pwani karibu na soko la samaki, na mama yangu hulima mwani Mlingotini pamoja na wanawake wenzake. Nimemaliza stashahada ya uhandisi wa meli katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Nataka kujiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lakini nataka kujiunga nalo ili niwe mwanamaji, na hapo ndipo penye mtihani wangu.

Nia hii haikunijia jana. Nilipomaliza kidato cha sita mwaka 2023, mwaka ambao Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwa likitimiza miaka 60 tangu lianzishwe tarehe 10 Julai 1963, niliitwa kwa mujibu wa sheria na kupangiwa kambi ya Mgambo, kule Kabuku wilayani Handeni. Wenzangu wengi walikuwa wakihesabu siku za kurudi nyumbani, na siwalaumu, maana kuamshwa kabla ya alfajiri kwa mchakamchaka, kisha kwata, kisha fatiki ya shamba jua likiwa kali, si jambo la kila mtu. Mimi maisha yale yalinikaa. Nilipenda kulala hanga moja na vijana wa Kagera, Mtwara na Rukwa ambao nisingekutana nao popote pengine, na nilipenda kujua kwamba kila mmoja ana sehemu yake na asipoitimiza wote tunaumia. Tulipofundishwa kufungua na kufunga silaha, niliviweka vipuri chini kwa mfuatano wa kuvirudisha, kama baba alivyonizoesha tangu utotoni tunapofungua kabureta kwenye turubai mchangani, na afande aliyetusimamia akanisimamisha mbele ya kombania akaniuliza nimefunzwa wapi. Nilimjibu kwamba baba yangu ni fundi wa boti. Akasema, "Basi wewe unafaa majini." Huenda aliyasema kwa kupita tu, lakini mimi niliyachukua.

Sababu yangu ya kutaka wanamaji si kupenda meli peke yake. Anayeishi pwani hii anajua kwamba nchi yetu haiishii ufukweni. Bahari iliyo ndani ya himaya yetu inafika maili 12 za baharini, na baada yake kuna ukanda wa uchumi unaofika maili 200 kutoka pwani, na katika maji hayo yote kuna samaki wetu, gesi yetu na njia za meli zinazoleta karibu kila kitu tunachokinunua dukani. Nimekua nikisikia wavuvi wanaomletea baba mashine zao wakisimulia meli kubwa za kigeni walizoziona usiku mbali huko, zikiwa na taa kama mji, na wakisimulia jinsi baruti zilivyoua miamba waliyoirithi kwa babu zao. Tangu nikiwa mdogo nilijiuliza nani analinda huko. Sasa nina elimu ya injini za meli, nina cheti cha JKT, nina afya njema, na naona itakuwa vibaya elimu hii isilitumikie taifa mahali inapohitajika.

Tatizo ni kwamba mwombaji haombi kamandi. Jeshi letu lina Kamandi ya Jeshi la Nchi Kavu, Kamandi ya Jeshi la Anga na Kamandi ya Jeshi la Wanamaji, lakini tangazo la kuandikisha vijana hutoka kwa jeshi zima, na kijana anayechaguliwa huenda kwanza kufunzwa uaskari kabla ya kitu kingine chochote. Shule ya mafunzo ya awali ya Kihangaiko iko Msata, mwisho wa barabara ya kilomita 64 inayotoka hapa kwetu Bagamoyo, kwa hiyo huenda nikalazimika kuipa bahari mgongo ili nipate kuirudia, na hakuna anayeniahidi kwamba nitairudia.

Hayo ndiyo maneno ya baba yangu mkubwa, ambaye ni sajini mstaafu. Yeye alikuwa kijana wa mizinga wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, na alikuwa njiani na wenzake mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nilipomweleza nia yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, jeshini huombi, unatumwa. Ukiingia na sharti moyoni, siku utakayopangiwa Tabora utakuwa askari mwenye kinyongo, na askari mwenye kinyongo ni hatari kwa mwenziwe." Akaongeza kwamba hata nikipata uanamaji, Kigoma nako kuna maji, kwa hiyo nisidhani nitakaa Kigamboni, yalipo makao ya wanamaji, nikiiona Bagamoyo kwa mbali. Maneno yake yamenichoma kwa sababu ni ya mtu anayenipenda na anayejua anachokisema, na kwa sababu nikijichunguza kwa haki naona kweli nina sharti moyoni.

Ningekuwa sina njia nyingine ningesema potelea mbali, niombe tu na Mungu atajua pa kunipeleka. Lakini njia nyingine ipo. Kampuni moja ya boti za abiria ziendazo Zanzibar imeniambia kwamba iko tayari kunichukua kama msaidizi wa fundi katika chumba cha injini, na inataka jibu langu mwisho wa mwezi ujao. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, ila wasomaji mliosomea ubaharia mnaelewa kwamba kinachotafutwa na kijana anayetoka chuoni ni muda wa kufanya kazi baharini, maana bila muda huo ulioandikwa kwenye kitabu chake hawezi kupanda kutoka cheti kimoja cha umahiri hadi kingine kinachotolewa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Tena vyeti vingi vya mabaharia chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaohusu mafunzo na vyeti vyao huhuishwa kila baada ya miaka 5. Nikiingia jeshini nikapangiwa kikosi cha nchi kavu, vyeti nilivyonavyo vitaisha muda wake huku nikiwa lindoni mahali pasipo hata mto, na elimu ambayo mama aliilipia kwa kukausha mwani na kuuza kilo kwa kilo itakuwa imelala.

Kuna walionishauri nikae katikati, yaani niombe Polisi, ambao wana kikosi chao cha wanamaji, na rafiki yangu mmoja akanitajia hata KMKM. Nawashukuru, ila KMKM, yaani Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, nami ni mtu wa Bara. Kuhusu Polisi kuna jambo ambalo vijana wengi hawaliangalii: matangazo ya JWTZ yaliyopita yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajawahi kutumikia Polisi, Magereza wala KMKM. Maana yake ni kwamba mlango huo ukiuingia, ule mwingine unajifunga nyuma yako. Umri nao haunisubiri, kwa sababu kila tangazo huweka ukomo wake kulingana na elimu ya mwombaji, na sitaki kujikuta nikiwa na miaka 28 nikijilaumu kwamba sikujaribu wakati nafasi ilikuwepo.

Wapo pia wanaosema nisikubali kuingia kama askari wa kawaida, bali nikasome shahada kwanza ili niombe kuwa ofisa, niende chuo cha kijeshi cha Monduli na nitunukiwe kamisheni na Rais. Sikatai kwamba ni heshima kubwa. Lakini mimi ni mtu wa spana. Naogopa kwamba ofisa atapewa watu wa kuwaongoza wakati mimi nataka injini ya kuihudumia, na sijui kama woga huo una msingi au ni ujinga wa mtu aliye nje. Hapa nitafurahi sana kusikia kutoka kwa waliofuata njia zote mbili.

Sasa nije kwa mama, kwa sababu bila radhi yake sitakwenda popote. Mwezi Desemba mwaka 2017, nikiwa bado mtoto wa shule, walinda amani wetu waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, katika shambulio la tarehe 7, na mama aliona kwenye televisheni ya jirani jinsi miili yao ilivyoagwa Dar es Salaam. Hatukuwa na ndugu miongoni mwao, lakini mama alilia kama aliyefiwa, na tangu siku hiyo neno jeshi likitajwa nyumbani yeye huinuka akaenda uani. Nilimwambia kwamba nataka uanamaji, na kwamba bahari nayo huua, kama tunavyozika watu wa hapa kwetu kila msimu. Akanijibu, "Bahari naijua, Kongo siijui." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu siwezi kumwahidi kwamba mwanamaji hatumwi Kongo, na kumwahidi nisilolijua ili anipe radhi ni kumwibia. Baba yeye amenyamaza. Anasema niamue mwenyewe, ila naona jinsi anavyonikabidhi wateja wake mmoja mmoja siku hizi, na nafahamu anachokitamani.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitaje, hata kama si kiini cha barua hii, kwa kuwa linaweza kumwokoa kijana mwingine. Mtu mmoja alimfuata baba na kumwambia kwamba ana mkono ndani, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha nitaingia jeshini na nitapangiwa wanamaji moja kwa moja. Baba, kwa kunipenda, alianza kufikiria kuuza mashine yake ya akiba. Nilimzuia, na namshukuru Mungu alinisikia. Jeshi limeshatangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi na kwamba wanaodai fedha ni matapeli. Vilevile JKT yenyewe husema wazi kila inapoita vijana kwamba haitoi ajira, bali mafunzo. Wazazi wa Bagamoyo na kwingineko, tafadhali msiuze boti, mbuzi wala kiwanja kwa ahadi za namna hiyo. Nami sitaki kuapa kiapo cha utii nikiwa nimeingilia dirishani.

Nimesali istikhara, na nitaendelea kusali, lakini dini yetu pia inatufundisha kuwauliza wanaojua. Kwa hiyo nawauliza.

Kwanza, enyi wazee wangu, kaka na dada zangu mliotumikia au mnaotumikia jeshini: je, kijana mwenye ujuzi wa injini za meli, akiueleza wazi kwenye usaili na kuonyesha vyeti vyake, hutazamwa kwa ujuzi huo wakati wa kupangiwa kamandi, au huwekwa popote penye upungufu? Sitaki siri za jeshi. Nataka tu kujua uzoefu wenu ulikuwaje, hasa ninyi mlioingia mkiwa na fani mikononi.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, je, ni haki kuapa ukiwa na pendo la kamandi moja? Baba mkubwa anaona kwamba asiyekuwa tayari kwa nchi kavu asiombe kabisa. Mimi najiambia kwamba naweza kujifunza kuridhika, kwamba hata Kabuku sikuichagua na nikaipenda, lakini kule nilijua kuna siku ya kurudi nyumbani, na jeshi ni sehemu kubwa ya umri wa mtu. Kama kuna msomaji aliyetaka urubani au uanamaji akajikuta askari wa miguu, naomba aniambie kama moyo wake ulitulia na ulitulia baada ya muda gani.

Tatu, kina mama ambao watoto wenu wako jeshini: mlitoaje radhi? Kuna neno aliloambiwa mmoja wenu na mwanawe ambalo lilikuwa la kweli na bado likamtuliza? Mimi nimetafuta neno hilo sijalipata, na sitaki mama akubali kwa kuchoka.

Mwisho, kwa mabaharia: nikichukua kazi ya boti kwa mwaka mmoja kwanza, nikijenga muda wangu wa baharini huku nikisubiri tangazo lijalo, je, nitakuwa nimejiongezea nafasi au nimeahirisha tu? Mwenyewe naelemea huko, kwa kuwa mwaka huo hautafunga mlango wowote na utampa mama muda wa kunizoea nikiwa mbali. Lakini najua pia kwamba mshahara wa kwanza ukishaingia mkononi, na wadogo zangu wawili wakianza kulipiwa ada kwa mshahara huo, kuuacha ili niwe kuruta haitakuwa kazi rahisi.

Kampuni inataka jibu langu mwisho wa mwezi ujao. Atakayeweza kuniandikia kabla ya hapo, hata mistari michache, nitamsoma kwa makini, na atakayeona kwamba nimekosea katika lolote nililolieleza kuhusu jeshi au ubaharia anisahihishe bila kunionea haya.

Wenu,
Kijana wa Dunda, Bagamoyo