Koku si ekari

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka 19 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipofuta fumbo la maneno nilinyamaza. Mlipopandisha bei mara mbili kwa mwaka nilinyamaza. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu Japani ya mashoguni, wale majemadari walioitawala nchi, ile yenye picha ya upanga nusu ukurasa, imenishinda kumeza.

Mnaikumbuka aya ya tatu. Tunaambiwa kwamba ukoo wa Maeda, watawala wa jimbo la Kaga, walikuwa na koku milioni moja, "yaani ekari milioni moja". Koku si ekari. Koku ni kipimo cha ujazo, ndugu yake pishi. Kama wazee wetu wa pwani walivyohesabu vibaba vinne kuwa pishi, Wajapani walihesabu go 10 kuwa sho moja, na sho 100 kuwa koku moja. Sho ni lita 1.8, kwa hiyo koku ni lita 180. Ukiipakia mizani ni mchele wa kilo 150 hivi, gunia la leo moja na nusu, na ilichukuliwa kwamba kiasi hicho kinamlisha mtu mzima mwaka mzima.

Makala haikupiga hesabu, basi niipige mimi. Tangu Toyotomi Hideyoshi, aliyeitawala nchi kabla ya mashoguni wa Tokugawa, aliposimamia upimaji wa ardhi kati ya 1582 na 1598, majaruba yalipangwa kwa madaraja. Kipande cha tan moja, ambacho ni kama robo ekari, kikiwa cha daraja la juu kiliandikiwa koku 1.5, cha kati 1.3, cha chini 1.1. Ekari moja ya daraja la kati ni koku 5 na kidogo. Koku milioni moja na ushee za Kaga, hata zingetoka zote kwenye majaruba ya aina hiyo, zinafika ekari laki mbili. Mmemwongezea Maeda mashamba mara tano, na yeye hata hakuomba.

Tena hazikutoka zote kwenye majaruba. Mashamba ya nchi kavu yaliandikiwa koku, na viwanja vya nyumba viliandikiwa koku. Ukoo wa Matsumae kule kaskazini, ambako mpunga haukuota, ulipewa hadhi ya koku 10,000 kwa sababu hicho ndicho kilikuwa kizingiti cha kuitwa daimyo, yaani bwana wa jimbo. Tsushima, kisiwa cha miamba kilichosimamia biashara na Korea, kilihesabiwa hadhi ya koku laki moja. Jimbo la Choshu kwenye daftari la serikali lilikuwa na koku 369,000, wakati uwezo wake halisi ulikuja kufika karibu mara mbili. Koku ilikuwa hesabu ya cheo, ya idadi ya askari utakaodaiwa, ya nafasi utakayokalia kwenye ukumbi wa ngome ya Edo, mji wa shoguni, Tokyo ya leo. Anayeigeuza kuwa ekari ameiondoa serikali nzima kwenye makala yake, na ndiyo maana mwandishi wenu alibaki na upanga tu.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo ni aibu zaidi kwa sababu lugha ni yetu. Kiswahili kina mpunga, kina mchele, kina wali. Makala imevitumia vyote vitatu kwa kitu kimoja, mpaka tunasoma kwamba wakulima "walilipa kodi ya wali". Kwa sufuria? Kilicholipwa ni mchele uliotolewa maganda, bado na rangi yake ya kahawia. Tofauti hiyo si ya urembo, kwa sababu mpunga ukikobolewa hupungua, na kodi yote ilikaa juu ya upungufu huo. Mkaguzi alifika shambani kabla ya mavuno, akakata mraba wa tsubo moja, kama mita za mraba 3.3, mpunga ukapurwa na kupimwa. Ukitoka sho moja, ilihesabiwa kwamba nusu yake ndiyo mchele. Tan moja ina tsubo 300, basi ni sho 300 za mpunga, sho 150 za mchele, koku 1.5. Ndiyo ile ile ya daraja la juu niliyoitaja. Mwandishi asiyetofautisha mpunga na mchele anamtoza mkulima mara mbili.

Na kutozwa mara mbili hakukuhitaji msaada wenu, kwa sababu njia zilikuwapo tayari. Kijiji ndicho kilichodaiwa, si mtu mmoja mmoja: barua ya kodi ilikuja kwa mkuu wa kijiji, na aliyeshindwa kulipa alijaziwa na majirani. Sehemu ya bwana ilikuwa kama nne kwa kumi, na katika karne ya 18 ikasukumwa kuelekea nusu kwa nusu. Mchele ulifungwa kwenye tawara, yaani magunia ya majani ya mpunga, na ndani yake kikawekwa kibao chenye jina la kijiji, la mlipaji na la aliyepima, ili gunia likifika Edo na mawe au unyevu ajulikane wa kumrudia. Ghalani walichoma gunia kwa mwanzi mkali uliochongwa mshazari, bambo kwa lugha ya wafanyabiashara wetu wa nafaka, wakatoa punje na kuzitazama. Katika nchi zilizo chini ya shoguni pande za Kanto, yaani kuizunguka Edo, gunia lilihesabiwa sho 35 lakini lilitakiwa kujazwa sho 37. Zile mbili ni za "nyongeza". Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwa jina la lumbesa, na hawakufundishwa na samurai. Hata kisanduku cha kupimia kilikuwa na ujanja wake. Cha zamani cha Edo kilikuwa na sun 5 kwa 5, kina 2.5, sun moja ni kama sentimita tatu. Kile cha Kyoto kilikuwa na 4.9 kwa 4.9, kina 2.7. Ukijumlisha vipimo vya kila kimoja unapata 12.5, na kwa macho chenye mdomo mdogo ndicho kinachoonekana kidogo. Zidisha badala ya kujumlisha: cha kwanza kina ujazo wa 62.5, cha pili 64.827. Ni karibu asilimia 4 zaidi kwa kila sho, na mwaka 1669 serikali ikaamuru cha Kyoto kitumike nchi nzima. Kikawekwa chuma cha mshazari mdomoni na kijiti cha kusawazishia, na waliopewa kibali cha kuvitengeneza walikuwa nyumba mbili tu, moja Edo kwa mikoa ya mashariki, nyingine Kyoto kwa ya magharibi. Mkaguzi naye alikuwa balaa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuvuna kabla hajafika. Akichelewa, mpunga uliokomaa unalala na mvua, na kupanda shayiri ya baridi kunachelewa. Akifika, anataka kulishwa. Ndiyo maana shoguni Tokugawa Yoshimune, katika miaka ya 1720, alihimiza kiwango kisichobadilika kwa miaka kadhaa. Kikawa kheri mwaka wa neema na kitanzi mwaka wa ukame. Mwaka 1783, mlima Asama ulipolipuka na kaskazini baridi ikaharibu mavuno, jimbo la Tsugaru huko huko kaskazini lilikuwa limekwisha kusafirisha mchele Osaka na Edo kulipa madeni, watu wake wakafa kwa njaa nyuma ya maghala matupu. Hayo yote hayakupata mstari mmoja, ila upanga umepata nusu ukurasa.

Upanga wenyewe ulifanya nini? Baada ya uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638, nchi haikuona vita kubwa kwa zaidi ya miaka 200. Samurai alikuwa mtumishi wa serikali anayengoja mshahara. Chukueni askari wa mji wa Edo, doshin. Alipata magunia 30 kwa mwaka na posho ya watu wawili, go 5 kila mtu kwa siku. Magunia 30 ni koku 10.5, posho ni kama koku 3.5, jumla 14. Mchele wa shoguni ulitolewa kwenye maghala ya Asakusa mara tatu kwa mwaka: robo majira ya kuchipua, robo kiangazi, nusu mwanzoni mwa baridi. Askari hakwenda kupanga foleni mwenyewe. Alimtuma dalali, fudasashi, aliyechukua mchele, akauza usioliwa, akakata ada yake ya robo tatu za ryo, sarafu ya dhahabu, kwa kila magunia mia. Ada hiyo si kitu. Utajiri wa dalali ulitoka kwenye mkopo, kwani alimkopesha samurai akiweka rehani mgawo wa mwaka ujao, kisha wa mwaka wa baada yake. Mwaka 1789 Matsudaira Sadanobu, mkuu wa mawaziri wa shoguni, akafuta madeni yote ya kabla ya miaka mitano hivi, zaidi ya ryo milioni moja, na yaliyobaki akayashushia riba. Madalali wakafunga mikoba, na mwisho wa mwaka samurai hao hao waliosamehewa hawakupata pa kukopa.

Wala msidhani mavuno mazuri yalimfurahisha. Mchele ukijaa, bei inaanguka, na anayelipwa kwa mchele anafilisika huku ghala limejaa. Yoshimune, aliyebandikwa jina la "shoguni wa mchele", alihangaika kuipandisha bei, na mwaka 1730 serikali yake ikalitambua rasmi soko la Dojima huko Osaka, ambako watu waliuziana hati za mchele ulio ghalani, na hata mchele ambao haukuwapo.

Nikiwa bado na kalamu mkononi: mmemwita shoguni mfalme, naye si mfalme. Mfalme alikuwa Kyoto, naye ndiye aliyempa Tokugawa Ieyasu cheo hicho mwaka 1603. Juzi katika shindano la maswali la shule moja mtoto alijibu kwamba shoguni si mfalme, akanyimwa alama, na mwalimu akanyanyua gazeti kama ushahidi. Gazeti lenu. Na Yasuke, tafadhali. Kila Japani ikitajwa mnamkimbilia kwa sababu alitoka Afrika, na safari hii mmemwita "samurai wa shoguni". Alimtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga mwaka 1581, ambaye hakuwa shoguni hata siku moja na alikufa mwaka 1582, Ieyasu akiwa bado na miaka 21 ya kungoja cheo. Nakala moja ya habari za Nobunaga inasema alipewa nyumba, kisu cha kiunoni na posho. Posho, Mhariri. Hata yeye mlimpiga picha na upanga.

Napendekeza hivi. Masahihisho yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, si kule chini ya matangazo ya tanzia. Kisha mwandishi apewe chombo cha lita 1.8 na kijiti cha kusawazishia, akapime mchele mara 100 kwenye ua wa ofisi yenu, mbele ya mhasibu, bila lumbesa. Akimaliza aupandishe hadi chumba cha habari kwa ngazi. Lifti isitumike.

Msomaji wenu wa Jumapili,
Tanga