Barua ya wazi kwa vijana wangu wanaotaka kuchimba manganizi

Wanangu wa kikundi,

Salamu. Karatasi mlizoniletea kabla ya kuchukua mkopo nimezisoma zote. Hesabu za dizeli, matimba (magogo ya kuegemeza shimo) na posho za vibarua hazina shida. Tatizo langu ni mstari ule wa juu kabisa, mlipoandika bei ya tani moja leo kisha mkaizidisha kwa miaka mitano kama vile ni mshahara wa serikali.

Mzee wenu nimekula chumvi nyingi kwenye uhasibu wa madini, na habari ninayopenda kuwapa vijana ni ya Philipsburg, mji mdogo wa Montana, Marekani. Kule madini ya fedha na manganizi, yale yanayotiwa kwenye chuma cha pua, yamelala pamoja, na kila moja limewahi kuwatajirisha watu na kuwafilisi.

Tuanze na fedha. Juu mlimani palikuwa na Granite, mji wa wachimbaji wenye watu wapatao 3,000. Juni 1893 serikali ya Waingereza kule India ilikataa kuendelea kupokea madini ya fedha ya watu binafsi na kuyageuza kuwa sarafu za rupia, rupia ileile waliyokuwa wakiishika wazee wetu Unguja na Mombasa. Ndani ya siku chache wakia moja ya fedha ikaporomoka kutoka senti zaidi ya 80 za dola hadi sitini na kitu. Agosti migodi ikafungwa, watu wakateremka mlima na mizigo yao juu ya mikokoteni, na chini ya ardhi fedha bado ipo. Hakuna aliyekuwa amechimba vibaya. Kampuni mbili kubwa za pale, Granite Mountain na Bimetallic, ziliungana mwaka 1898 ili kubana matumizi, lakini neema ile haikurudi tena.

Migodi ya chini ya mlima, karibu na mji wa Philipsburg, kama Trout na Algonquin, ilipita kwenye mawe ya chokaa. Humo palikuwa na jiwe jeusi, ukilishika vidole vinabaki vyeusi. Hiyo ndiyo manganizi. Kwa mchimba fedha ilikuwa kero, maana fedha iliyoshikana nayo haitoki kirahisi hata kwa kemikali ya sayanaidi. Basi iliachwa shimoni. Nyinyi mnaoishi na magwangala, mawe yanayotupwa na migodi, mnaelewa: kifusi cha huyu ni mtaji wa yule atakayekuja baadaye.

Aliyekuja ni Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Tani moja ya chuma cha pua hutaka kilo sita au saba za manganizi, na Marekani ilikuwa ikiagiza zake kutoka Urusi, India na Brazili. Mwaka 1914 mlangobahari wa Dardanelles ukafungwa, mzigo wa manganizi wa Chiatura, Georgia, wakati huo chini ya Urusi, ukakosa njia ya kutoka Bahari Nyeusi. Baadaye meli za kwenda mbali nazo zikaadimika. Bei ikapaa. Mwaka 1914 Marekani nzima ilichimba chini ya tani 5,000 za manganizi ya daraja la juu. Mwaka 1918 zilipita tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka Montana, Philipsburg na Butte. Mashimo ya zamani ya fedha yakafunguliwa, watu wakakopa, mitambo mipya ikasimikwa.

Novemba 11, 1918, vita vikaisha. Viwanda vya chuma vilikuwa na akiba, meli zikarudi baharini, soko likakauka. Machi 1919 Bunge la Marekani likatenga dola milioni 8.5 za kuwafidia waliopata hasara kwa kuitikia wito wa serikali wa kuchimba manganizi, kromu, pairaiti na tungsteni. Mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba kweli serikali ilimwomba achimbe, na kuonyesha hesabu zake. Miaka ya 1930 baadhi ya madai yalikuwa bado yanabishaniwa. Mimi mhasibu siwezi kulipita hili kimyakimya: daftari lenu la matumizi lina kurasa tatu zisizo na risiti hata moja.

Nani alipumua? Mwenye madini mawili. Sheria ya Pittman ya 1918 iliifanya serikali ya Marekani inunue fedha iliyochimbwa nchini kwa dola moja kwa wakia, wakati mwaka 1921 soko la nje lilikuwa likilipa senti sitini na kitu. Mpango huo nao ukafika mwisho 1923. Kilichoipa Philipsburg uhai wa kudumu zaidi kilikuwa betri kavu, zile za tochi na redio. Mtengeneza betri anachagua sana: anataka oksaidi safi ya manganizi, yenye chuma kidogo, na akiipata hulipa kuliko tanuru la chuma cha pua. Huku wachimbaji wa ndani wakishukuru ushuru wa forodha wa 1922 juu ya manganizi ya nje, mwaka 1925 tajiri wa Kimarekani, W. Averell Harriman, alikwenda kuchukua mkataba wa kuchimba manganizi ya Chiatura yenyewe! Aliuacha 1928. Mtaji hauna uzalendo, msiutegemee kwa hilo.

Sasa turudi kwenu. Muulizeni broka wenu kwa nini bei imepanda mwaka huu. Akisema tu kwamba soko ni zuri, hajajibu. Kuna mgodi mkubwa umesimama mahali? Kuna bandari imefungwa? Ukiijua sababu, unaweza kukadiria itakaa muda gani, na mkopo wenu usizidi muda huo.

Halafu kifungu cha saba cha mkataba wa kuuza mzigo wenu. Kinasema mtalipwa kwa bei ya siku mzigo utakapofika bandarini, baada ya kupimwa na mnunuzi. Nauli juu yenu, kuchelewa juu yenu, kushuka kwa bei juu yenu, na mizani ni ya kwake. Dai bei ya chini isiyovukwa, na sampuli ya pili ibaki kwenu imefungwa kwa lakiri.

Msitie saini kwanza. Chukueni mawe kutoka maduara (mashimo) yote manne, kila duara mfuko wake, myapeleke maabara. Waambieni wapime manganizi, chuma, fosforasi na silika, na fedha pia. Gharama ya vipimo nitachangia nusu. Majibu yakitoka njooni nyumbani Jumamosi baada ya adhuhuri, na huyo broka mje naye.

Mzee wenu