Barua ya Wazi kwa Vijana wa Eastlands Mnaotaka Viti vya Uwakilishi Wadi

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa Kaloleni na Makongeni, wa Jericho na Umoja, wa Kariobangi na Dandora. Nimefurahi kusikia kwamba wengi wenu mnakusudia kusimama katika uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na nimeona baadhi yenu mmekwisha kubandika picha zenu kwenye nguzo za stima. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, kila anayekuja kunieleza azma yake huniuliza chama kipi kitakuwa na nguvu Nairobi mwaka huo, ili akakitafutie tikiti mapema. Hajatokea aliyeniuliza tawi la chama hicho hukutana wapi katika wadi yake, linaongozwa na nani, wala daftari la wanachama limo mikononi mwa nani. Nawaandikia kuwasihi muanzie hapo.

Katika wadi nyingi za jiji letu, uchaguzi huwa umekwisha kabla ya Agosti kufika. Pale ambapo chama kimoja kina wafuasi tele, na watu wamehimizwa kuvaa suti kamili, yaani kukipa kura zote sita kuanzia Rais hadi mwakilishi wadi, aliyeshinda mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumteua mgombea, hana kazi kubwa iliyobaki. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa vikamilishe mchujo kufikia Aprili 22, na uchaguzi wenyewe ukafanyika Agosti 9. Ina maana kwamba katika wadi hizo mwakilishi alikuwa amepatikana zaidi ya miezi mitatu kabla ya mwananchi wa kawaida kuingia kituoni, na waliompata ni wale wachache waliokuwa ndani ya chama.

Tena hao wachache wanazidi kupewa uzito na sheria. Kufuatia marekebisho ya mwaka 2022 katika Sheria ya Vyama vya Kisiasa, chama kinachofanya mchujo wa moja kwa moja kinapaswa kutumia daftari la wanachama lililoidhinishwa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na kikichagua mchujo wa wajumbe, basi kura hupigwa na wajumbe. Tawi likilala, daftari litaandikwa na mtu mwingine, na wajumbe watateuliwa na mtu mwingine. Mtakumbuka kwamba mwaka 2021, Wakenya walipopata nafasi ya kutazama uanachama wao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, watu wengi walikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajapata kujiunga navyo. Watu walikasirika siku chache, kisha wakanyamaza. Mimi niliona jambo hilo ni zito kuliko makelele mengi ya kampeni, kwa sababu daftari la namna hiyo ndilo linaloamua nani apige kura siku ya mchujo na nani arudishwe langoni.

Nayajua madhara ya kukosa daftari la haki, kwa maana nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe kwenye mlolongo, yaani kura ya kupanga foleni, wa mwaka 1988. Chama kilikuwa kimoja tu, Kanu, na aliyeruhusiwa kupanga foleni katika mchujo ni mwenye kadi ya chama. Tulisimama kwenye uwanja wa shule nyuma ya mawakala walioinua picha za wagombea, kila mtu akimwona jirani yake amesimama wapi, mwenye nyumba akimtazama mpangaji, mwajiri akimtazama kibarua. Foleni yetu ilizunguka uwanja ikapinda mara mbili; ile ya pili haikufika hata kwenye milingoti ya goli. Jioni tukasomewa kwamba ile fupi ndiyo ndefu. Na kwa kanuni za wakati ule, aliyetangazwa kuwa na asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita, hata kura ya siri isipigwe. Hapakuwa na karatasi ya kuhesabiwa upya, kwa kuwa watu walikwisha kutawanyika kwenda kupika. Leo mna karatasi, mna daftari, mna kamati za rufaa ndani ya vyama, mna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na baada yake Mahakama Kuu. Vyombo hivyo humsaidia mwenye ushahidi, na ushahidi huwekwa na tawi lililo macho: nani alijiandikisha, lini, na mbele ya nani.

Baadhi yenu mmeniambia kwamba vyama vimeoza, hivyo heri kusimama kama mgombea huru. Njia hiyo ni halali, nami simdharau anayeifuata. Katiba inataka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa hiyo anayedhani ataingia mchujo, ashindwe, kisha ajitangaze huru wiki ya mwisho, ahesabu siku zake vizuri. Ugumu zaidi huja baadaye. Katika bunge la kaunti nafasi za kamati hupangwa kwa vyama na viranja wake, yaani wasimamizi wa wanachama wao humo bungeni, na mwakilishi asiye na wenzake atapiga kelele sana ukumbini huku bajeti ya wadi yake ikipitishwa na wengine. Wala hamwezi kuanzisha chama cha Nairobi pekee. Katiba inataka chama kiwe na sura ya kitaifa, na sheria inadai wapiga kura 1,000 walioandikishwa kuwa wanachama katika kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Siasa ya mtaa, kwa hiyo, imewekewa nyumba moja ya kukaa muda mrefu, nayo ni tawi la chama cha kitaifa.

Tawi linaweza kuwa na nguvu kubwa ajabu. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ilipiga marufuku vyama vya Waafrika vya nchi nzima, na ilipolegeza mwaka 1955 iliruhusu vya wilaya tu, ikidhani imetukata miguu. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaunda Nairobi People's Convention Party, chama cha jiji hili, kilichosimama juu ya watu wa mitaa hii mnayoishi, makarani, makuli wa reli na wafanyabiashara wadogo. Kanu ilipozaliwa mwaka 1960, Mboya ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake.

Sasa niseme tawi lifanye nini, maana hapa ndipo wengi hukwama. Serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na bunge liyapitishe kufikia Juni 30. Kati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni, kama Katiba inavyoagiza katika kifungu cha 196. Nimehudhuria vikao hivyo. Kitabu kinene cha Kiingereza hugawiwa asubuhi ileile, nakala chache watu wengi, na kufikia saa sita mikono inainuliwa kukubali kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Kikao kimoja mama muuza mboga alisimama akauliza kwa nini mulika mwizi, yaani mlingoti mrefu wa taa, wa karibu na soko lao umetengewa pesa tena, ilhali ule wa mwaka uliopita haujawahi kuwaka hata usiku mmoja. Hakujibiwa, kwa kuwa alikuwa peke yake. Laiti pangekuwa na tawi lenye watu kumi waliokisoma kitabu hicho juma zima kabla, wakapiga picha ya ule mlingoti, wakamfuata mwakilishi wa chama chao na swali lilelile kila mwezi, jibu lingepatikana. Hiyo ndiyo kazi ya tawi, na anayeifanya sasa hatahitaji kubandika picha nguzoni mwaka 2027.

Mabinti zangu, neno langu kwenu ni hili. Msiridhike na ahadi kwamba mtawekwa kwenye orodha ya viti maalumu. Orodha hizo huandaliwa na vyama, na viti hugawanywa kulingana na ushindi wa chama katika wadi, kwa hiyo asiye na mizizi katika tawi huondolewa kwa kalamu moja tu. Ingieni katika uongozi wa tawi wenyewe, mshike uweka hazina au ukatibu, kisha mdai mchujo kama mtu yeyote mwingine.

Na nyote, chagueni chama mnachoweza kuishi nacho. Mwakilishi aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama akikihama, anapoteza kiti kwa mujibu wa Katiba. Anayenunua tikiti kwa sababu ya wimbi la mwaka mmoja atajikuta amefungwa miaka mitano na watu asiokubaliana nao katika jambo lolote. Anayewaahidi tikiti bila mchujo kwa malipo ya kichinichini, mkimbieni; anaweza kuiuza ileile kwa mwingine usiku wa mwisho, nanyi hamtakuwa na pa kushtaki. Wala msikubali kuwakodi vijana wa fujo kuvuruga mchujo wa mwenzenu, kwa kuwa wataumia wana wa majirani zenu.

Kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wenu atazame uanachama wake, na akikuta ameandikishwa asikotaka, aandike barua ya kujiondoa na kuweka nakala. Kisha aende kwenye afisi ya chama alichokichagua, aulize jina la katibu wa wadi yake na tarehe ya mkutano ujao. Akiambiwa hakuna tawi, akusanye wanachama wenzake, waombe kwa maandishi kulifungua, na muhtasari wa kikao hicho cha kwanza uwekwe sahihi na kila aliyehudhuria.

Mimi mzee wenu,
Kaloleni, Nairobi