Msaragambo wa mfongo upimwe kwa kamba

Ndugu Mhariri,

Masika yakiisha, vijiji vya juu huku Moshi hupiga mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, na lawama huwa ile ile: watu hawatokei, vijana wavivu. Sisi tunaona kosa liko kwenye mpangilio. Ukiita kaya 42 bila kusema nani aanzie wapi na aishie wapi, anayewahi ndiye anayeumia, na msimu ujao naye atachelewa.

Kazi ipimwe siku moja kabla. Kamba ya manila yenye fundo kila mita 5 inatosha. Mfongo wa mita 1,050 kwa kaya 42 ni mita 25 kila kaya, lakini penye mwamba au mizizi mita 15 ni nyingi, kwa hiyo zilizobaki ziongezwe kwa wenye udongo laini. Vigingi vipigwe, viandikwe namba. Jioni hiyo banio, pale maji yanapoingilia mfongoni, lifungwe, ili asubuhi sepeto likute tope lililoshikana, si uji.

Kila kundi lipewe kijiti cha kupimia kina, na kukishika ni kazi nzuri kwa wazee. Wenye bidii iliyopitiliza wana madhara kuliko wavivu: kipande chao kinakuwa shimo, maji yanatuama, tope linajaa, na wa chini wanaambulia mchirizi. Tope litupwe upande wa bondeni na kushindiliwa liwe tuta. Likiachwa upande wa mlimani, mvua ya kwanza italirudisha. Matundu ya fuko yazibwe kwa udongo wa mfinyanzi. Majani ya migomba huoza na kuacha tundu kubwa zaidi.

Walioko Dar es Salaam hutuma hela. Sawa, ila hela hiyo imlipe kibarua wa kipande kile kile, siku ile ile. Ikitumbukia kwenye mfuko wa jumla, kipande kinabaki na magugu, na hapo ndipo ukingo utakapopasuka.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, uko kwenye zamu za maji. Zamu 42 za saa 4 ni saa 168, wiki kamili. Kwenye karatasi inapendeza, lakini aliyepangiwa saa sita usiku atamwagilia usiku maisha yake yote. Ongezeni zamu ya 43, maji yake yajaze nduwa, bwawa letu la kuhifadhi maji. Mzunguko unakuwa saa 172, kila kaya inasogea mbele saa 4, na katika mizunguko 6 kila mmoja amepita mchana na usiku. Zamu zifuate mashamba kutoka banioni kushuka, zisirukeruke; mfongo uliokauka hunywa maji mengi kabla hayajafika kihambani, yaani shamba la nyumbani.

Kibali cha kutumia maji, kinachotakiwa na sheria ya mwaka 2009, hushughulikiwa na ofisi ya Bonde la Pangani iliyopo hapa hapa Moshi. Kiombwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti, maana wenyeviti hubadilika.

Mwisho, daftari la vigingi na la zamu liwe moja. Ambaye kipande chake hakijakaguliwa, zamu yake iende nduwani mpaka amalize.

Wakulima wa kihamba,
Moshi Vijijini