Kwa Nini Hatuanzi Kuchua Pale Panapouma

Msimu wa korosho unapofika, wabeba magunia wa maghalani na kina mama wabanguaji wanaoshinda wameinama hufika kwetu wachuaji hapa Mtwara mjini na kutuomba tuwachue kwa nguvu papo hapo panapouma. Mwanzoni huwa hatufanyi hivyo, na ni haki yao kuelezwa sababu.

Taarifa ya maumivu hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, ambako sehemu kadhaa, zikiwemo insula na amigdala, huipima kama dalili ya hatari. Kutoka hapo amri hushuka kupitia haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na shina la ubongo hadi kwenye neva za simpathetiki, zinazouandaa mwili kupambana au kukimbia: moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda na viganja hutoka jasho, huku misuli nayo ikikaza kwa kujihami. Mtu akikandamizwa katika hali hiyo, ubongo wake unaweza kuuchukulia mkono wa mchuaji kuwa tishio jingine.

Mguso wa taratibu una njia yake. Ngozi yenye vinyweleo, kama ya mgongo na ya mikono juu ya viganja, ina nyuzi nyembamba za neva ambazo huitikia zaidi mkono wenye joto la kawaida la ngozi, unaopita kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na taarifa zake hufika kwenye insula ile ile inayopokea maumivu. Aidha, mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mguso unaweza kupunguza maumivu tangu kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana aliyejigonga goti hulisugua kabla hata hajafikiri.

Kwa hiyo tunaanza mbali na mahali panapouma, polepole, tukiangalia pumzi na viganja vya mteja, na tunaongeza nguvu pale tu mwili unapolegea. Tafadhali usijikaze kwa heshima, ukiumia, sema.

Wapo, hata hivyo, ambao baada ya jeraha mkono au mguu huvimba, hubadilika rangi na joto, hutoka jasho isivyo kawaida, na hata shuka likiwagusa huwaumiza. Hao hatuwachui. Tunawaomba wamwone daktari, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo aende siku hiyo hiyo.