Kwako Mama Rehema, kuhusu kitabu ulichokirudisha

Mama Rehema, rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetushika tangu Jumatatu. Baba Rehema anaendeleaje na mguu wake? Mpe pole zangu.

Mzigo wako niliuchukua stendi jana jioni. Mchele umefika salama, ahsante sana. Lakini chini ya mchele nikakuta na kile kitabu cha Robert Heinlein nilichokupa, na kikaratasi chako: kwamba umeshindwa kuendelea, kwamba kinatukana dini, na unashangaa mimi mwanakwaya nimekupaje kitu kama hicho. Nimekisoma kikaratasi hicho mara tatu. Sikukasirika. Niliumia, maana najua umekomea wapi, na pale si pa kukomea.

Umeacha pale Judith, yule sista mdogo, kura inapomwangukia aende kumhudumia Nabii, anayeitawala Marekani kwa jina la dini, na alipoielewa huduma yenyewe akapiga kelele. Hata mimi mara ya kwanza nilikifunga hapo hapo. Ila tazama ni nani anayetusimulia. Ni John Lyle, kijana mlinzi wa kasri la Nabii, mtu wa sala, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufikiri kwamba Nabii anaweza kusema uongo. Mwandishi angetaka kuicheka imani, angempa usimulizi mtu asiyeamini. Hakufanya hivyo. Amemchagua aliyeamini kwa moyo wote, akatuonyesha anavyoumia anapogundua kwamba imani yake safi ilifanywa ufunguo wa chumba cha kulala cha mtu mwingine.

Hadithi yenyewe Heinlein, mwandishi Mmarekani, aliiita "If This Goes On—", yaani hali ikiendelea hivi. Ilitoka katika Astounding, jarida la hadithi za sayansi, mwaka 1940, Februari na Machi. Alikulia Kansas City, kwa watu wanaoishika sana Biblia. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani hadi kifua kikuu kilipomwondoa kazini mwaka 1934. Mwaka 1938 aligombea kiti katika bunge la jimbo la California akashindwa, na mwaka uliofuata akaanza kuuza hadithi. Kwa hiyo aliyeandika haya alikuwa amewahi kula kiapo cha jeshi, na kuomba kura alikujua.

Mwaka 1953 alipoifanyia marekebisho ili itoke katika kitabu, aliongeza maneno machache mwishoni kueleza nchi huru inavyoweza kufika huko. Anasema chukua mhubiri mwenye mvuto, televisheni, fedha nyingi, na ufundi wa matangazo ya biashara. Ongeza maisha magumu na ahadi za neema hapa hapa duniani. Nyunyizia chuki dhidi ya Wayahudi, Wakatoliki na watu weusi. Mama Rehema, pitia orodha hiyo polepole. Mungu hayumo. Kila kilichomo ni cha sokoni na cha majukwaani. Ndiyo maana nakwambia kitabu hiki hakikutukani wewe na rozari yako. Kwenye vita vya mwisho, utakapofika, utakuta vikosi vya Wamormoni, waumini wa dhehebu lililoanzia Marekani, vikipigana upande wa waasi wanaotaka kumwondoa Nabii. Ni waumini hao, wanaopigania haki ya kuabudu bila Nabii kusimama katikati.

Nehemiah Scudder, Nabii wa kwanza, aliyemtangulia huyu anayelindwa na John, kwenye hadithi anachaguliwa kuwa rais mwaka 2012. Mwaka 2016 uchaguzi haufanyiki tena. Hakupindua serikali kwa bunduki. Alipigiwa kura. Heinlein hakuwahi kuandika kisa cha Scudder mwenyewe. Alisema anamchukia mno. Na mwaka huo huo wa 2016, katika mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi uliofanyika Kansas City, mji uliomlea, hadithi hii ilipewa, kwa kurudi nyuma, Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, kwa hadithi bora za mwaka 1940. Mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1988.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikakituma kwako, si kwa mtu mwingine. Unakumbuka chuoni, mwaka wa pili, yule kiongozi wa maombi aliyetuambia hadithi za kubuni ni mlango wa shetani? Tulichoma vitabu vyetu nyuma ya bweni, mimi na wewe, tukiimba. Ulichoma hata kile alichokuachia marehemu kaka yako, chenye mwandiko wake ukurasa wa kwanza. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo tangu siku ile. Ndani ya kitabu kuna mahali John anaeleza kwamba nguzo ya udhalimu ni kuficha. Utawala ukishaanza kuwaambia watu hiki msisome, kile msikione, mengine yote yanafuata, na mtu aliyefumbwa macho haihitaji nguvu nyingi kumwongoza. Nilipofika hapo niliuona ule moto wa nyuma ya bweni. Hakuna aliyetushika mikono. Viberiti tulikuja navyo wenyewe.

Siwezi kusema napenda kila kitu humu. Judith anatoweka mapema mno, na habari zake tunazipata kwa barua fupi kutoka Meksiko, kama vile kazi yake ilikuwa kupiga ile kelele tu. Magdalene, rafiki yake, ana akili na ujasiri zaidi, utampenda.

Ila kuna jambo moja linanikosesha raha mpaka leo. Kila mwaka Nabii hufanya muujiza kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama: anageuka kuwa Scudder aliyefufuka. Ni mchezo wa mitambo. Waasi nao wanayateka matangazo hayo na kutengeneza muujiza wao, Scudder wa bandia anayemlaani Nabii, na watu wanaingia barabarani. Wanashinda kwa kuwadanganya wale wale waliokuwa wakidanganywa. Nilipolisoma hilo nilijiuliza wamewaweka watu huru au wamebadilisha tu mwenye kamba.

Nadhani hata Heinlein swali hilo lilimsumbua, na hapa ndipo ninapotaka ufike. Katika ile hadithi ya 1940, baada ya ushindi, wakombozi wanaamua kuwabadilisha wananchi fikra kwa mbinu za kisaikolojia, kwa wema kabisa, ili wafae kuwa watu huru. Inaishia hivyo, bila anayepinga. Miaka 13 baadaye alirudi kwenye ukurasa huo na kumsimamisha mzee mmoja mkutanini, mwenye sura inayomkumbusha John picha za Mark Twain, yule mwandishi wa zamani wa Marekani. Mzee anawaka kwa hasira. Anasema mtu huru hatengenezwi. Ni mkaidi, ana mawazo yake aliyoyaokota mwenyewe kwa njia yake, hata yakiwa mabaya, na hawakupigana ili waje kumnyang'anya hayo. Mpango unaanguka.

Nimeupenda ukurasa huo kuliko vita vyote vya kitabu. Mtu alishauza hadithi yake, akalipwa, wasomaji wakaisifu, kisha baada ya miaka yote hiyo akaona kwamba watu wake wazuri walikuwa wanatenda kama Nabii, akairekebisha. Mimi ningekuwa mzee yule mwaka wetu wa pili, pale nyuma ya bweni, kile kitabu cha kaka yako kingekuwa kabatini kwako sasa hivi. Nisamehe, Mama Rehema. Nilikuona unasita, nikakuhimiza.

Nakirudisha kitabu kwa basi la kesho asubuhi, pamoja na embe dodo za hapa nyumbani. Nimeweka uzi mwekundu pale mzee anaposimama. Kama kuanzia mwanzo ni kugumu, anzia kwenye uzi, kisha urudi nyuma. Na kama bado utaona kinamtukana Mungu, niandikie sentensi gani, nitaisoma nawe neno kwa neno.

Wasalimie watoto wote.

Wako akupendaye,
Mama Furaha