Mheshimiwa Waziri wa Michezo, tuletee pointi Lugogo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Lugogo, hapa Kampala, ninakofundisha tenisi na kufunga kamba za raketi. Najua AFCON 2027 imejaa mezani pako, wala siombi uwanja mpya. Naomba wiki mbili tu za mashindano ya tenisi kwa mwaka.

Ukitaja tenisi ya kulipwa, watu huwaza Wimbledon, ambako mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza alilipwa pauni 66,000. Vijana wetu wanahangaikia mashindano ya ngazi ya chini kabisa, yaitwayo M15. Huko zawadi yote ni dola 15,000, na wanagawana wanaocheza mmoja mmoja na wanaocheza wawili wawili. Bingwa hupata kama dola 2,160. Wa kutolewa raundi ya kwanza huambulia dola 156 hivi, kabla ya kodi, na pointi hapati hata moja. Bila pointi huna nafasi kwenye orodha ya dunia, na kila safari unaanzia kwenye mchujo. Tangu 2024 ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, inawahakikishia kipato wachezaji 250 wa juu. Wa 251 atajijua.

Mashindano hayo ya M15 yamejaa Monastir, Tunisia, na Sharm El Sheikh, Misri. Kijana wa Kampala apande ndege Entebbe, akodi chumba na mwenzake ambaye kesho huenda ndiye mpinzani wake, afue fulana kwenye sinki. Mimi hupokea raketi zikirudi. Kamba zimechimbana mifereji pale zinapopishana, gripu mpya imevutwa juu ya kuukuu. Juzi nilimuuliza mmoja mbona hakubadilisha kamba. Akacheka: “Kocha, hela ya kamba niliila.” Na huyo ana sevu, pigo la kuanzisha mchezo, ambayo mimi mwenyewe siirudishi.

Majirani wameshaamka. Mwaka 2024 Kigali iliandaa Challenger, ngazi iliyo juu kuliko M15, wiki mbili mfululizo, na 2025 wakarudia. Mwenyeji hupewa nafasi za upendeleo kwenye droo, kwa hiyo mtoto wa nyumbani anaingia moja kwa moja. Akishinda mechi moja tu ya M15 amepata pointi yake ya kwanza, na nauli yake ilikuwa ya boda kutoka Naguru.

Gharama zipo, sikufichi: zawadi, waamuzi, mipira, malazi ya maofisa. Lakini jumlisha tiketi za wachezaji wetu wanne au watano kwenda Tunisia mara kadhaa kwa mwaka, halafu linganisha. Zaidi ya hapo, wageni watalala na kula Kampala.

Ninachoomba ni M15 mbili zifuatane, Lugogo, nje ya miezi ya mvua. Tarehe huombwa mapema, kwa hiyo fedha ziahidiwe kwenye bajeti ijayo, kwa maandishi. Bajeti ya waandaaji ikifika ofisini kwako, tafadhali isilale kwenye faili.

Wako mtiifu,
Kocha wa Lugogo